Historia ya Kuang Shiyuan, Aliyeitwa Asiyelala

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa hapa Liling, wafanyakazi wenzake marehemu mliotoka Guangzhou, na wageni wote mlioketi nasi leo Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, mimi ni Kuang Cuiping, dada yake mkubwa na ndugu yake pekee wa tumbo moja, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya mdogo wangu, na niseme mapema kwamba baba yetu mdogo aliyaona maandishi haya jana akaomba sehemu fulani ziondolewe kwa heshima ya wageni, nami nilimsikiliza kwa adabu zote, kisha nikaziacha zilivyo.

Marehemu Kuang Shiyuan alizaliwa tarehe 6 Novemba 1986 hapa Liling, mkoani Hunan, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Kuang Chuangen, ambaye wengi wenu mnamfahamu kama mwangalizi wa moto katika tanuri za kauri, na Mama Yi Guizhen, aliyekuwa akichora maua kwenye vikombe hadi vidole vilipomkataa. Baba alikuwa akichungulia tundu la tanuri kwa jicho la kulia, la kushoto amelifumba, akitazama rangi ya moto na kusema vyombo vimeiva au bado, wala hakutaka kusikia habari za vipimo, na kazi hiyo ndiyo iliyolila jicho lake hadi likapofuka. Shiyuan alipokuwa mdogo alimwiga, akawa hawezi kutazama sahani ya chakula wala ukurasa wa kitabu bila kufumba jicho la kushoto kwanza, tukamcheka sana, naye akaendelea vilevile.

Alianza shule ya msingi Septemba 1993, akamaliza mwaka 1999, akasoma sekondari hapahapa Liling hadi Juni 2005, na kwa kuwa alama zake hazikutosha kumfikisha chuo kikuu alikwenda chuo cha ufundi Zhuzhou, alikosomea kompyuta na kuhitimu mwaka 2008. Hakuwa hodari wa hesabu, lakini alikuwa na kipaji kimoja ambacho walimu hawakukipa alama, kwamba aliweza kuandika kwa sauti ya mtu yeyote, wenzake wakamfuata awaandikie barua za kuwaomba radhi wachumba wao, na wachumba walipozisoma waliamini kabisa kwamba zimetoka kwa wapenzi wao. Kipaji hicho ndicho kilichompatia kazi, na ndicho kilichomponza.

Baada ya miaka mitatu ya kuunganisha simu kiwandani Shenzhen, tarehe 4 Julai 2011 aliajiriwa Guangzhou, wilaya ya Tianhe, na kampuni inayoendesha michezo ya vita ya mtandaoni, ile ambayo maelfu ya watu hucheza pamoja kwa simu zao, kila mmoja na ngome yake na jeshi lake. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa kuwa wapo wanasheria wanaolipwa ili isitajwe. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujibu malalamiko ya wateja, na barua zake za nyumbani za wakati huo zilikuwa za furaha, alitueleza jinsi kila seva mpya, yaani kila ulimwengu mpya wa mchezo, ilivyofunguliwa kwa ubani na nguruwe wa kuchoma mbele ya mashine, meneja akainama, wafanyakazi wakainama, halafu wakagawana nyama. Mama alimuuliza kwenye simu kama seva ikifa nayo huchomewa ubani, akajibu kwamba seva haizikwi, watu wakipungua huunganishwa na nyingine, na mama hakuipenda habari hiyo.

Mwezi Machi 2014 alihamishiwa kitengo kingine, chenye mlango wake na kufuli lake, na ndugu zangu, hapa ndipo baba mdogo alipoanza kukohoa. Kitengo hicho ni cha chambo. Chambo ni mfanyakazi wa kampuni anayejifanya mchezaji kama wengine, amepewa bure nguvu na dhahabu ambazo watu hununua kwa fedha zao, akatumwa amtafute mchezaji mwenye uwezo, amtukane, amshinde mbele ya watu, amchomee ngome, ili kesho yake yule mtu anunue panga zaidi na farasi zaidi aje kulipiza kisasi, na pembeni yake huwekwa chambo wa pili, wa kirafiki, wa kumpa pole na kumwambia asikubali kudharauliwa. Meneja wa kitengo, Bwana Ge, ambaye ametuheshimu kwa kufika na ameketi safu ya tatu, alimkabidhi Shiyuan mhusika wa mchezo aliyekwisha kutumiwa na watu wengine kabla yake, jina lake Asiyelala, akaitwa hivyo kwa kuwa chambo walimpokezana kwa zamu na hakuna saa aliyokosekana. Jina hilo lilikuwa la kampuni, sauti ikawa ya mdogo wangu, na baada ya muda hapakuwa na mchezaji aliyeweza kutambua zamu ya Shiyuan inaishia wapi, kwa sababu wa zamu nyingine walipewa maandishi yake wayasome na kuyaiga.

Sasa nifike kwenye ndoa, maana imetoka mlemle. Mwaka 2015 seva mbili ziliunganishwa, na katika ulimwengu huo mpya Asiyelala alikutana na adui aliyeitwa Mjane wa Mlima, mwenye mdomo mchafu na mali isiyokwisha, Shiyuan akamripoti kwa meneja kwamba amepata tajiri wa kweli, akamchokoza majira yote ya kiangazi, na kila alipomchokoza yule Mjane alimchokoza zaidi, akamwita mla makapi, mwana wa kukodi, na, bila kujua lolote la kwetu, mtoto wa tanuri lililozimika. Ilipokaribia sikukuu ya mwezi mpevu mwezi Septemba, kampuni iliagiza, kama kawaida yake, kwamba wachezaji wakubwa wapelekewe keki za mwezi, Shiyuan akamwomba Mjane anwani, akaipata, akaipeleka kwa binti wa kitengo cha zawadi, naye akaisoma mara mbili, akaegemea meza akicheka. Alimwambia, "Shiyuan, huyu tajiri wako anakaa kwenye ofisi yetu ya Chengdu, ghorofa ya juu ya duka la tambi."

Mjane wa Mlima alikuwa chambo, ameajiriwa na kampuni ileile katika tawi jingine, naye kule alikuwa amemripoti Asiyelala kuwa ni tajiri wa kweli. Walikuwa wamepigana kwa miezi, hakuna aliyemtia mwenzake hasara ya hata senti moja, na mameneja wa pande zote mbili walikuwa wakisifiwa kwa seva iliyochangamka. Aliyekuwa akimwendesha Mjane ni Ruan Suqin wa Neijiang, Sichuan, wifi yangu, huyu aliyeketi mbele yenu amefunga kitambaa cheupe, na keki zile alipelekewa hatimaye, kwa fedha ya mfukoni mwa Shiyuan, zikifuatana na barua ya kumwomba radhi ambayo kwa mara ya kwanza hakuiandika kwa sauti ya mtu mwingine.

Walifunga ndoa tarehe 1 Oktoba 2016 hapa Liling, Suqin akahamia Guangzhou, na katika karamu binti mmoja wa ofisini alisimulia kisa hiki chote, watu wakacheka mpaka machozi, isipokuwa mama, ambaye alimwita mkwewe jikoni akamwambia, "Mwanangu, umeolewa leo na unaitwa mjane, huo ni uchuro, badilisha jina." Suqin aliomba kubadilishiwa, wala si mara moja, akajibiwa kwamba jina si lake. Tarehe 20 Mei 2018 walijaliwa mtoto wa kike, Kuang Zhiyao, ambaye leo tumemwacha nyumbani kwa jirani.

Kicheko cha karamu kilimwisha Shiyuan mapema kuliko wengine, kwa sababu kisa cha keki kilimfungua jicho ambalo hakutaka lifunguke. Ikiwa adui yake alikuwa chambo, na yeye ni chambo, je, wengine wote wanaojaza uwanja wa vita kila jioni, wanaopongezana, wanaooana humo ndani na kuvunja ndoa, ni akina nani? Alianza kuwapeleleza mmoja mmoja kwa mtindo wao wa kuandika, kazi aliyoiweza kuliko yeyote, na kila alipompima mtu alikuta mkono anaoufahamu, mkono wa ofisini. Miaka ilipita, wachezaji wa kweli wakaondoka kwa kuchoka au kwa kufilisika, kampuni ikaweka chambo mahali pa kila aliyeondoka, na kufikia mwaka 2022 aligundua kwamba katika ulimwengu ule wote, pamoja na ngome zake, masoko yake na majeshi yake, amebaki mchezaji mmoja tu wa kweli. Umati wote uliobaki ulikuwa umewekwa kumzunguka mtu huyo.

Mtu huyo ni Bwana Huo Bingkun, wa Shiwan, Foshan, mwenye tanuri za kuchoma vigae na vikombe, mjane halisi aliyefiwa na mkewe na aliyeanza kucheza ili nyumba isiwe kimya. Shiyuan alipangiwa kuwa rafiki yake, Suqin akapangiwa kuwa adui yake, kwa hiyo mume na mke walikula chakula kwenye meza moja, kisha wakaenda kazini kumvuta mtu mmoja, huyu kwa huku na huyu kwa kule. Bwana Huo alimwita Asiyelala "mdogo wangu", akamweleza habari za tanuri zake, na Shiyuan, katika uongo wote ule, alimwambia jambo moja la kweli, kwamba baba yake anasoma moto kwa jicho moja. Walizungumza kuhusu moto kuliko walivyozungumza kuhusu vita, na kila msimu Bwana Huo aliuza tanuri ili anunue jeshi la kulipiza kisasi cha mdogo wake.

Shiyuan alitaka kuacha, nayasema haya kwa kuwa aliniambia mwenyewe mwaka jana tukiwa tunasafisha makaburi ya wazee, akifumba jicho lake kama alivyozoea, na nilipomuuliza kwa nini hamwambii yule mzee, alisema amejaribu. Aliwahi kuandika ndani ya mchezo, "Kaka, mimi nimeajiriwa," lakini mle ndani yapo maneno ambayo mashine huyafuta na kuweka nyota mahali pake, neno kuajiriwa likiwa mojawapo, Bwana Huo akaona nyota tupu, akadhani amemtolea matusi, akacheka na kumwambia wewe leo umelewa. Simu aliyotumia kuwasiliana naye ilikuwa ya kampuni na ilisomwa, karatasi ya kutunza siri alikuwa ameisaini, na mtoto alikuwa bado mdogo. Kwa vile anwani aliifahamu kutokana na keki za mwezi, aliwahi kupanda treni hadi Shiwan, akafika langoni, akamwona Bwana Huo akibeba mwenyewe mbao za vikombe kwa kuwa wafanyakazi wamekwisha kuondoka, akasimama pale, akaogopa, akarudi Guangzhou.

Maradhi yalimwanza Februari 2024 kwa maumivu ya kifua na miguu kuvimba, akapewa dawa, akashauriwa apumzike, akapumzika siku za sikukuu akarudi kazini. Mwezi Oktoba kampuni ilitangaza kwamba jioni ya tarehe 16 Novemba, yaani leo, kutakuwa na vita vikuu kati ya seva na seva, na Bwana Huo akamwahidi Asiyelala kwamba kwa ajili ya vita hivyo atauza tanuri lake la mwisho pamoja na kiwanja lilipojengwa, mnunuzi yupo, mkataba utasainiwa siku hiyohiyo mchana. Suqin anasema tangu aliposoma ahadi ile mumewe hakumeza chakula kikamkaa. Tarehe 3 Novemba alianguka ofisini, akakimbizwa hospitali, madaktari wakasema moyo umepanuka na umechoka, akatimiza miaka thelathini na minane akiwa kitandani, na Jumatatu jioni alimshika mkewe mkono akamwambia, "Mwambieni kaka Huo kabla hajasaini. Mwambieni mbele ya watu, maana akiwa peke yake tutamgeuza tena." Alisema tutamgeuza, hakusema watamgeuza, na neno hilo Suqin hajalisahau. Mauti yalimkuta Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, alfajiri.

Mchana wa siku hiyo Bwana Ge alifika hospitali, akaomba kwanza simu ya kazi, kisha akatoa pole. Mama yetu, ambaye anaamini kwamba roho ya mtu hurudi nyumbani siku ya saba na haiwezi kurudi ikiwa inaitwa mahali pengine, alimpigia simu akamsihi jina la Asiyelala lizimwe kabla ya mwanawe kuwekwa ardhini, hakuomba kingine chochote, na Bwana Ge alimjibu kwa upole mkubwa, "Mama, watu huondoka, jina hubaki, jina ni mali ya kampuni." Jioni ileile Asiyelala alikuwa hewani. Alhamisi, tuliposimama kwenye chumba cha kuchomea maiti kule Guangzhou, Suqin alitazama mchezo kwa simu yake mwenyewe, akaona Asiyelala anaandika, na Mjane wa Mlima, ambaye yeye hajamgusa tangu afiwe, naye anaandika, mume na mke wote wawili wanafanya kazi, mmoja akiwa ndani ya moto na mwingine amesimama mlangoni.

Ijumaa asubuhi Suqin alikwenda Shiwan, akapita lile lango ambalo mumewe alilishindwa, akamkuta Bwana Huo anafagia, akamwambia Asiyelala amefariki. Bwana Huo hakukasirika, alimhurumia, akamjibu, "Dada, unasema amekufa Jumanne, na leo asubuhi ameniuliza kama nimekula?" Suqin alimwachia tiketi ya treni ya leo alfajiri, akamwambia kama ni uongo aje awakamate waongo mbele za watu, na baba yake Asiyelala atakuwepo. Mnunuzi, tulivyosikia, anamsubiri Foshan saa tisa.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi waliompigania marehemu bila kuchoka, kwa dereva aliyetuletea majivu yake na kukataa nauli, kwa majirani zetu waliopika, waliokunja karatasi za kumchomea marehemu na kukesha na mama, na kwa mafundi wa tanuri waliosimamisha kazi leo kwa ajili ya baba. Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake, Bwana Ge na vijana wake wa safu ya tatu, kwa shada kubwa la maua, na nawaomba msiwe na wasiwasi, najua mmesaini na hamwezi kusema lolote, lakini mimi ni mpishi wa shule, sikusaini kitu. Ninyi ndio ule ulimwengu wote, wengine wenu nawajua kwa majina mliyokuwa mkiyatumia humo, nami ningewaomba msimame mwonekane, ila naona vichwa vimeinama na hilo linatosha.

Na wewe Kaka Huo, uliyeketi kiti cha mwisho karibu na mlango, umevaa koti la kijivu lenye vumbi jeupe la udongo kwenye mikono, karibu kwetu, na kama bado una shaka moyoni, usinitazame mimi, mtazame mzee huyu wa mbele, jicho lake la kulia ni lile ulilosimuliwa. Mtungi alioushika umetoka tanuri lake mwenyewe, aliuchoma miaka mingi iliyopita ili uje umhifadhi yeye, na juzi aliushusha kabatini, akaupangusa, akasema mtoto atangulie. Mdogo wako yumo humo. Usiku wa leo jina lake litawaka kwenye simu yako, litakuita kaka, litakuuliza kama umekula, litakuuliza habari za moto kwa sauti ileile uliyoizoea, na utatamani kuitika, hata mimi nilitamani. Nakuomba kwa niaba ya aliyekufa usiitike, tanuri lako lisiuzwe, maana hatakuwa yeye.

Shiyuan, mwana wa mama yetu, zamu imekwisha, ulilotutuma tumelisema mbele ya watu, fumba na hilo jicho la pili, ulale kwa amani.